Tuchore Reli ya Rwanda: Treni Kwenye Nchi ya Milima Elfu

Chukua ramani yoyote ya Rwanda, hata ile ya kwenye simu yako, kisha utafute reli. Usijichoshe, haipo. Hakuna hata kilomita moja. Nchi ina lami ambayo sisi majirani tunaionea wivu, ina ndege zake, ina watu 13,246,394 kwa sensa ya mwaka 2022, lakini mtoto wa Kigali ambaye hajavuka mpaka hajawahi kusikia honi ya treni.

Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, na kwetu ni Ngara, upande huu wa mto. Kwenye kozi yetu yupo Mnyarwanda mmoja, na ubishi wetu pale kwenye vimbweta semista nzima umekuwa huu: ukipewa penseli na ramani tupu ya Rwanda, reli ungeipitisha wapi? Mwenzangu anachora kila kona. Kigali kwenda Huye, Kigali kwenda Musanze mpaka Rubavu, tawi la Karongi, tawi la Rusizi, mpaka karatasi inafanana na utando wa buibui. Mimi nachora mstari mmoja, naweka penseli chini. Ananiita mchoyo.

Makala hii inaeleza kwa nini mstari wangu ni mmoja. Wewe unayesoma sheria au ualimu usiondoke, hesabu zilizomo ni za darasa la saba. Na mwishoni utaona kwamba hata huo mmoja una watu wa kuulipia ambao hawamo kwenye bajeti yoyote.

Kwanza, kwa nini haipo?

Jibu la haraka ni milima. Jibu hilo lina ukweli lakini halitoshi, maana Uswisi nayo ni milima mitupu na treni zinapita humo kama sisimizi.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma Februari 1914. Wakati huo Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya koloni lilelile la Kijerumani. Waliziona nchi hizo zina watu wengi na ardhi yenye rutuba, wakapanga tawi la kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Agosti 1914 vita ikaanza, na mpango ukafa.

Baada ya vita, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, Rwanda na Burundi chini ya Mbelgiji. Tawi la Tabora likaenda kaskazini badala ya magharibi, likafika Mwanza mwaka 1928. Wabelgiji wao walipata maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa mkataba wa mwaka 1921. Mzigo wao ulipita kwenye reli ya Mwingereza hadi Kigoma, halafu meli ikauvusha Ziwa Tanganyika. Mbelgiji alikuwa na Kongo yenye shaba, na reli nyingi za wakoloni zilifuata migodi na mashamba makubwa. Kahawa ya Rwanda ingeweza kusafiri kwa lori.

Kwa hiyo Rwanda haikukosa reli kwa sababu ya mlima peke yake. Ilikosa kwa sababu mpaka ulichorwa kati yake na bahari, na aliyemiliki upande mmoja hakuwa na haja ya kumjengea wa upande wa pili. Weka hilo akilini, litarudi.

Mlima haubembelezwi

Sasa hesabu. Uzuri wa treni ni kwamba gurudumu la chuma juu ya chuma linazunguka bila msuguano mkubwa. Kwenye tambarare, kila tani ya treni inahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 2 hadi 3 hivi. Tairi la mpira kwenye lami linahitaji mara tatu ya hapo au zaidi. Ndiyo maana treni inabeba mzigo mkubwa kwa mafuta au umeme kidogo.

Tuunde treni yetu. Mabehewa 40, kila moja lina uzito wa tani 20 likiwa tupu na limebeba tani 50. Jumla ni tani 2,800, na ndani yake mzigo ni tani 2,000. Kwenye tambarare, ukizidisha tani 2,800 kwa kilo 2.5, unapata kilo 7,000. Yaani nguvu ya tani 7 tu inatosha kuliburuza joka lote hilo.

Sasa reli ianze kupanda. Ikipanda mita 1 kwa kila mita 100 (tunaita mwinuko wa asilimia 1), kila tani inadai kilo 10 za ziada. Hapo hakuna ujanja, ni uzito wenyewe unavutwa kurudi chini. Tani 2,800 mara kilo 10 ni tani 28. Jumlisha na zile 7, unapata 35. Mwinuko ambao ukiutazama kwa macho huuoni umeongeza kazi mara tano. Ukifika asilimia 2, kazi inafika tani 63, mara tisa ya tambarare.

Kichwa cha treni chenye uzito wa tani 120 kinaweza kuvuta kwa robo ya uzito wake, au theluthi kikibahatika, yaani tani 30 hadi 40. Ukizidisha hapo magurudumu yanateleza palepale, hata injini iwe na nguvu za namna gani. Chuma kilaini kilichokusaidia kwenye tambarare ndicho kinakusaliti mlimani. Kwa hiyo treni yetu kwenye asilimia 1 inahitaji kichwa kimoja kilichofika mwisho wa uwezo. Kwenye asilimia 2 inahitaji viwili na roho mkononi.

Sasa linganisha na lori. Semitrela inapanda barabara ya asilimia 7 ikinguruma, inachelewa, lakini inafika. Kupanda mita 500 kwa asilimia 7 kunahitaji kilomita 7 hivi za barabara. Kwa reli ya asilimia 2 unahitaji kilomita 25. Kwa asilimia 1, kilomita 50. Hizo kilomita unazitoa wapi? Unazunguka mlima kama nyoka, au unachimba handaki, au unajenga daraja refu kutoka kilima hadi kilima. Vyote ni pesa. Kona nazo zikiwa kali, mwendo unashuka, na abiria atauliza kwa nini asipande basi.

Sheria ya kwanza ya mchoraji wa reli, basi, ni kufuata mabonde. Usipitishe mstari mahali ambapo mtu anaishi kabla hujauliza maji yanapita wapi.

Mstari wangu mmoja: Rusumo hadi Masaka

Sheria ya pili ni kuanza na mzigo. Abiria ni wazuri kwenye picha za uzinduzi, ila kinacholipa reli ndefu ya Afrika mara nyingi ni mzigo. Na mzigo mzito wa Rwanda unaingia: mafuta, vifaa vya ujenzi, ngano, mchele, mbolea. Sehemu kubwa inatoka bandari ya Dar es Salaam, inasafiri zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, na inaingia kwenye daraja la Rusumo.

Kwa hiyo mstari unaanzia Rusumo. Bahati nzuri, mashariki ndiko Rwanda imeshuka. Mto Nyabarongo unapita chini ya Kigali, unakwenda kusini-mashariki kupitia Bugesera, unageuka kuwa Akagera karibu na mpaka wa Burundi, halafu unafika kwenye maporomoko ya Rusumo. Kuna bonde zima kutoka mji mkuu hadi mpakani, na mteremko wake ni mdogo sana. Ukimwonyesha mhandisi wa reli, anaweza kutoa chozi.

Lakini asilie mapema. Bonde hilo ni mafunjo na maji. Chini ya mafunjo kuna mboji laini, udongo wa mimea iliyooza miaka na miaka. Rwanda inachimba mboji ya namna hiyo na kuichoma ili kupata umeme, sasa jiulize kama udongo unaoweza kuungua unaweza kubeba tani 2,800. Ukimwaga tuta la kokoto juu yake, linazama taratibu, mwaka hadi mwaka. Isitoshe, kinamasi kinanyonya mafuriko na kuchuja maji, na ukikiziba, maji yatatafuta nyumba za watu.

Jibu langu ni kupitisha reli ukingoni mwa bonde, pale kilima kinapogusa kinamasi. Utapata kona nyingi na makalvati mengi, lakini ardhi ni ngumu na mwinuko unabaki chini ya asilimia 1 sehemu kubwa ya njia. Unapita Bugesera, ambako uwanja mpya wa ndege unajengwa, kisha unamalizia Masaka, mashariki ya Kigali, ambako tayari kuna bandari kavu. Reli haina haja ya kupanda hadi katikati ya jiji. Kontena likishushwa Masaka, lori dogo linamalizia.

Kwa Rwanda peke yake mstari huo ni chini ya kilomita 200. Unaonekana mdogo eh? Shida ni kwamba haufiki popote.

Reli ya Rwanda ina urefu wa Tanzania

Kutoka Rusumo unahitaji kufika Isaka, mkoani Shinyanga, ambako kuna bandari kavu kwenye tawi la reli ya zamani la Mwanza. Isaka hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000 za reli. Mwaka 2018 serikali zetu mbili zilitangaza mradi wa reli ya Isaka hadi Kigali, zaidi ya kilomita 500, kwa makadirio ya dola bilioni 2.5, na jiwe la msingi lilitarajiwa mwaka huohuo. Bado tunalisubiri.

Hapa linakuja suala la upana wa reli. Rwanda haina reli ya zamani, kwa hiyo unaweza kudhani iko huru kuchagua upana wowote. Si kweli. Tanzania tuna mapana matatu: reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, na SGR ni 1,435. Milimita 67 zinatosha kabisa kuzuia behewa. Pale Kidatu, ambapo TAZARA inakutana na reli ya kati, mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa. Kila kuhamisha ni siku, ni winchi, ni malipo, na ni nafasi ya vitu "kupungua" njiani.

Rwanda ikijenga SGR kabla SGR ya Tanzania haijafika Isaka, mzigo utahamishwa Isaka. Ikijenga ya milimita 1,000 ili iunganishwe leo, kesho itakuwa imenunua teknolojia ambayo jirani yake anaiacha. Treni za SGR zilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma Julai mwaka huohuo. Vipande vya kutoka Makutupora kwenda Tabora, Isaka na Mwanza bado ni kazi ya ujenzi. Maana yake, faida ya reli ya Kigali inategemea kipande kitakachomalizika mwisho, na kipande hicho kiko nchi nyingine.

Mwenzangu wa kozi hapo huwa ananikatiza: "Basi tupitie Mombasa." Sawa. Kuna wazo la reli kutoka Kampala kupitia Mirama Hills hadi Kigali. Kenya ilifungua SGR ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, ikaisogeza hadi Suswa mwaka 2019, ikaishia hapo. Uganda ilisaini mkataba wa kipande cha Malaba hadi Kampala mwaka 2024. Njia hiyo nayo ina vipande vya watu wengine, tena nchi mbili badala ya moja. Na mwaka 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, ukaja kufunguliwa Januari 2022. Lori likikuta mpaka umefungwa linazunguka kwingine. Treni haizunguki.

Kwa hiyo namuunga mkono kwa jambo moja tu: nchi isiyo na bahari ikiweza kuwa na milango miwili, iwe nayo. Ila mlango wa kwanza uwe ule wenye kipande kifupi na mwinuko mdogo.

Mistari ninayoikataa, kwa sasa

Huye iko kusini, kilomita 130 hivi kwa barabara. Ni mji wa chuo kikuu, kwa hiyo wasomaji wa gazeti hili lazima waupende. Lakini basi linatoka Kigali kila mara na lami ni nzuri. Reli ikizunguka vilima ikawa kilomita 160, treni ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa itatumia saa mbili, bila kuhesabu vituo. Imeshinda basi kidogo sana, kwa gharama kubwa sana.

Musanze na Rubavu ndiko mwenzangu anakopigania kufa na kupona, maana ndiko kwao. Kutoka bonde la Kigali hadi Musanze unapanda mita 500 hivi ukihesabu mwanzo na mwisho tu. Katikati kuna kupanda na kushuka kwingi, na kila unaposhuka umepoteza mwinuko uliolipia. Baada ya Musanze unapanda tena nyanda za Nyabihu, ndipo unashuka hadi Ziwa Kivu. Mzigo wa kulipia njia hiyo ni ule unaovuka kwenda Goma na mashariki ya Kongo, na tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23. Huwezi kukopa mkopo wa miaka 30 kwa kutegemea mpaka ambao hujui mwakani utakuwaje.

Karongi na Rusizi? Kati yake na Kigali kuna safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na maji ya Naili. Hapo ni mahandaki. Mimi ningewanunulia meli. Rubavu, Karongi na Rusizi zote ziko kwenye Ziwa Kivu, na ziwa halina mwinuko wala mataruma ya kubadilisha. Mtandao mzuri wa usafiri si lazima uwe wa reli kila mahali.

Deni halipandi treni

Tuchukue zile dola bilioni 2.5 kama zote ni mkopo, kwa riba ya asilimia 3, na urudishwe kwa miaka 30. Huu ni mfano wangu, si mkataba wa mtu. Riba ya mwaka wa kwanza ni dola milioni 75. Mtaji ukigawanywa sawasawa ni dola milioni 83 kwa mwaka. Jumla inakaribia milioni 158.

Reli ikibeba tani milioni 3 kwa mwaka, kila tani inadaiwa dola 53 kabla hujalipa umeme, mishahara na vipuri. Ikibeba tani milioni 1, kila tani inadaiwa dola 158. Deni ni lilelile, mzigo ndio umepungua. Lori halina shida hiyo kwa sababu likikosa mzigo linapaki.

Halafu kuna safari ya kurudi. Rwanda inaagiza vitu vizito, inauza vitu vyepesi vyenye thamani: kahawa, chai, bati, koltani. Treni itakwenda Kigali imejaa na kurudi na mabehewa matupu mengi, na behewa tupu nalo linakula njia.

Ndiyo maana mradi kwenye makaratasi una jina refu: Dar es Salaam, Isaka, Kigali, Keza, Musongati. Keza iko Ngara, na Musongati iko Burundi, kwenye nikeli. Wilayani kwetu pia kuna nikeli, Kabanga. Madini ndiyo yanaweza kujaza yale mabehewa ya kurudi. Kwa maneno mengine, reli ya Rwanda inaweza kulipwa na mawe ya Ngara na Burundi. Nikimwambia hivyo mwenzangu, anacheka kwa sauti ya chini.

Sahani 140

Sasa nifike kwa wale ambao hawamo kwenye bajeti. Mama yangu ana mgahawa Benaco, kwenye barabara ya Rusumo. Wateja wake ni madereva wa malori ya Kigali na tandiboi wao. Ada yangu, ukiacha boom, imetoka kwenye ndizi na maharage ya pale.

Treni yetu ya mabehewa 40 inabeba tani 2,000. Lori moja linabeba tani 28 hivi. Gawanya: malori 71. Kila lori lina dereva na tandiboi, kwa hiyo treni moja ikipita, sahani 140 hazikuliwa Benaco. Nyakanazi hivyohivyo, Kahama hivyohivyo. Fundi tairi, muuza vocha, mwenye gesti, wote.

Juzi Mama alikuwa anataka kuchukua mkopo wa kikoba aongeze vyumba sita vya kulala wageni. Nikampigia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuhusu vile vyumba. Reli ya Kigali ikijengwa, malori yatapungua."

"Hiyo treni haitasimama hapa?"

"Ya mizigo inapita tu, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Sasa huyo dereva wa treni yeye hali?"

Nilicheka, kisha nikakosa jibu. Kwenye treni ile wanakuwa watu wawili tu, na chakula chao wamebeba.

Usinielewe vibaya, sisemi reli isijengwe ili Mama auze ndizi. Malori yanaua barabara, yanaua watu, na kila dola inayoongezwa njiani analipa mkulima wa Kirehe anaponunua mbolea. Mnyarwanda ana haki ya mbolea nafuu kama Mama alivyo na haki ya wateja. Ninachosema ni kwamba hasara ya Benaco ni sehemu ya gharama ya reli kama zilivyo kokoto, na anayechora mstari anapaswa kuihesabu.

Kenya tumeona. SGR ilipofunguliwa, serikali ikaagiza makontena yapande treni kwa lazima ili deni lilipwe. Wenye malori na wafanyabiashara wa Mombasa wakalalamika miaka, na mwaka 2022 serikali mpya ikafuta agizo. Kulazimisha mzigo kulikuwa dalili kwamba hesabu ya watu haikufanywa mapema.

Ningefanya nini mimi? Ningeweka kituo cha kushusha mizigo upande wa Ngara, ili malori ya safari ndefu yageuke ya safari fupi, kupeleka na kukusanya. Ningeunganisha mabehewa mawili ya abiria kwenye baadhi ya treni, yasimame vituo vidogo. Na ningetangaza njia kamili na tarehe za kweli miaka mingi kabla, kwa sababu mtu wa kikoba hawezi kupanga maisha yake kwa jiwe la msingi ambalo halijawekwa tangu 2018.

Mama nilimshauri ajenge vitatu badala ya sita, na avijenge kiasi kwamba mwalimu au nesi anaweza kupanga kwa mwezi. Alikubali nusu. Anajenga vinne.

Ukiona mchoro wa reli, uliza

Iwe ya Rwanda, Burundi au ya kwenu, uliza mambo manne. Mzigo gani utalipia, kwenda na kurudi? Mwinuko mkali kuliko wote uko wapi, na ni asilimia ngapi? Kipande cha mwisho kiko mikononi mwa nani, na upana wake unalingana? Na nani anakula leo kwenye njia ambayo mzigo utahama?

Msemaji wa mradi akijibu matatu ya kwanza vizuri, ni mhandisi au mchumi mzuri. La nne halifundishwi kwenye kozi yetu, nimelitafuta kwenye mtaala sijaliona. Wenzetu wa sosholojia na mipango miji, mnaweza kutusaidia hapo.

Mwenzangu bado anasema mstari mmoja ni uchoyo, na ameahidi kuandika kujibu, na tawi lake la Rubavu likiwemo. Mhariri amtengee nafasi toleo lijalo. Ila nimeshamwambia sharti: aje na mchoro wa mwinuko, siyo ramani peke yake.